Mchoro juu ya sanda: Gome la mti la Uganda lilivyobeba uchaguzi wa Kenya hadi Venice

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mchoro mmoja wenye kimo cha zaidi ya mita tatu, watu wamejazana juu ya matawi ya mti mkubwa kama ndege waliokimbia mafuriko. Wapo waliokaa, wapo wanaoning'inia, na katikati yao limejitokeza bango lenye sura ya chura. Rangi zake ni laini, za kuvutia, na kwa mbali mtazamaji anaweza kudhani anaangalia sherehe. Akisogea karibu ataona jambo la pili. Kitambaa kilichobeba rangi hizo si kitambaa cha kawaida cha wachoraji. Kina mikunjo na makovu, kina matundu ambayo hakuna aliyejali kuyaziba, na kina mishono ya mkono inayoonekana waziwazi, mithili ya mishono ya gunia la mkaa.

Mchoro huo unaitwa The Fourth Estate, yaani Mhimili wa Nne, jina ambalo sisi wa vyombo vya habari tumezoea kujipa tunapotaka kujikweza. Uliochorwa ni mkutano wa kisiasa wa jijini Nairobi mwaka 2017. Aliyeuchora ni Michael Armitage. Kitambaa ni lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Buganda, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikivikwa wafalme wakiwa hai na kuvingirishiwa watu wa kila daraja wakishafariki.

Ukweli huo wa mwisho ndio unaoifanya kazi ya Armitage kuwa zaidi ya ufundi wa kuchezea malighafi mpya. Si jambo dogo kuchora uchaguzi uliomwaga damu juu ya nguo ya kuzikia. Ili kulielewa vema, yafaa kwanza kuijua nguo yenyewe, kisha kuona mchoraji alivyoitumia, na hatimaye kuuliza maswali ambayo kazi hiyo imeyaacha nyuma yake, likiwamo la nani anafaidika.

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake akiwa Mkenya na baba Mwingereza. Alisomea uchoraji jijini London, kwanza katika chuo cha Slade alikohitimu mwaka 2007, na baadaye katika shule za Royal Academy alikomaliza mwaka 2010. Kwa elimu hiyo, mtu angetarajia achore kwa rangi ya mafuta juu ya turubai kama walivyomfundisha walimu wake. Rangi ya mafuta ameendelea nayo mpaka leo. Turubai ndilo alilolitupa.

Sababu zake, ambazo amezieleza mara kadhaa katika mahojiano, si za kutafuta maajabu. Anaona kwamba turubai si kitu bubu. Linakuja na historia yake. Wachoraji wa Ulaya walianza kwa kuta na mbao, na miongoni mwa miji iliyotangulia kuhamia kwenye kitambaa ni Venice, ambako unyevu wa bahari uliharibu michoro ya ukutani na ambako kitambaa cha matanga ya meli kilipatikana kwa wingi. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka 500, kitambaa cha kitani kilichovutwa kwenye fremu kimekuwa ndiyo sura ya kitu kinachoitwa mchoro. Mwafrika Mashariki anayechora juu yake anaanza akiwa tayari ndani ya nyumba ya mtu mwingine, hata kabla hajachovya brashi.

Wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kwenda mbali kulifahamu suala hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za madukani, zile za kung'aa zinazotumiwa na mafundi, juu ya vipande vya hadibodi za ujenzi. Hakuwa na turubai na hakulihitaji. Mtindo uliozaliwa hapo unauzwa hadi leo na unabeba jina lake. Tofauti ni kwamba Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitumia kilichokuwa rahisi kupatikana mtaani, ilhali Armitage alikuwa na uwezo wa kununua turubai na akaamua kulikataa.

Alikutana na lubugo mnamo mwaka 2010 katika soko la Nairobi, ikiwa imegeuzwa kuwa vikumbusho vya kuuziwa watalii. Ni jambo la kutafakari. Nguo iliyokuwa ya kitawala na ya makaburini ilikuwa imeshuka hadi kuwa bidhaa ndogo ya mgeni kubeba kwenye begi la ndege. Armitage amesema mara nyingi kwamba anguko hilo lenyewe lilikuwa sehemu ya kilichomvutia.

Lubugo haifumwi. Hilo ndilo la kwanza analopaswa kulijua msomaji, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Haina mtande wala mshindio, haina uzi uliosokotwa, na haijawahi kupita kwenye kitanda cha mfumaji. Ni gome la ndani la mti unaoitwa mutuba kwa Kiganda, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, jamaa wa mikuyu. Wakati wa majira ya mvua, utomvu unapokuwa mwingi, fundi hukwangua gome la nje, kisha hukata pete moja juu ya shina na nyingine chini, akachana mstari wa wima kati ya pete hizo na kuvua gome lote kwa kipande kimoja, kama mtu anayevua koti.

Shina linabaki uchi. Haraka sana hufungwa kwa majani ya mgomba, mithili ya jeraha linalofungwa bendeji, ili lisikauke. Mti haufi. Huota gome jingine, na ukitunzwa vizuri unaweza kuvuliwa tena na tena kwa miaka mingi. Gome la kwanza huwa zito na la kukwaruza. Yanayofuata ndiyo huwa laini zaidi.

Gome lililovuliwa hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupelekwa kwenye kibanda kisicho na kuta, mahali penye kivuli, kwa kuwa jua likilipata mapema litakakamaa. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Hulazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji kuzunguka vichwa vyake. Nyundo ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya tatu myembamba. Kwa kila kipigo nyuzi hutawanyika na kushikana upya, na gome lililokuwa na upana wa shina la mti hupanuka mara kadhaa mpaka likawa shuka. Mwisho hutandazwa juani, likivutwa pembeni na kukandamizwa kwa mawe, na ndipo linapopata rangi yake ya udongo mwekundu.

Palipokuwa na tawi au kovu kwenye mti, kwenye nguo panabaki tundu. Fundi huweka kiraka akashona. Kwa hiyo matundu na mishono ambayo mtazamaji wa London huiona kama ubunifu wa kisasa, asili yake ni historia ya mti fulani uliosimama katika shamba fulani, uliopata tawi hapa na kidonda pale.

Kazi ya kutengeneza nguo hiyo katika ufalme wa Buganda ni ya watu wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, wakiongozwa na fundi mkuu wa kurithi anayeitwa kaboggoza. Kihistoria ilivaliwa na wanaume kwa wanawake, ikizungushwa mwilini, huku ya wafalme na machifu ikitiwa rangi nyeupe au nyeusi kuwatofautisha. Ilikuwa pia tandiko la kulalia, pazia, na kifungashio cha kuhifadhia vitu. Majirani nao waliijua. Huku kwetu Wahaya wa mkoa wa Kagera walivaa nguo za magome kabla ya pamba kuenea, na wazee wa huko hawahitaji maelezo ya gazeti kuhusu jambo hilo.

Lakini matumizi yaliyodumu kuliko yote ni ya msibani. Maiti ya Muganda huvingirishwa kwa lubugo, na mtu mwenye heshima kubwa huvingirishwa kwa shuka nyingi. Katika makaburi ya wafalme ya Kasubi jijini Kampala, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, pazia la lubugo ndilo lililotenganisha ukumbi wa watu walio hai na sehemu iitwayo Kibira, msitu mtakatifu ambamo roho za wafalme zinaaminika kukaa. Jengo kuu la Kasubi liliteketea kwa moto Machi 16, 2010, likaingizwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na likaondolewa humo mwaka 2023 baada ya kazi ya kulijenga upya. Lubugo, kwa lugha nyepesi, ni ukuta kati ya dunia mbili.

Na hapa pwani yetu inaingia katika simulizi, tena si kwa sifa. Katikati ya karne ya 19, enzi za Kabaka Suuna, misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Unguja na Bagamoyo ilianza kufika Buganda ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Miongoni mwa bidhaa walizobeba ilikuwa merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kilichotoka viwanda vya Marekani na kubaki na jina hilo katika Kiswahili. Awali pamba ilikuwa anasa ya ikulu. Taratibu ikashuka kwa watu wa kawaida, na lubugo ikarudi nyuma. Ukoloni na baadhi ya wamisionari, walioihusisha nguo hiyo na ibada za jadi, walimalizia kazi iliyoanzwa na wapagazi. Falme zilipofutwa nchini Uganda mwaka 1967, wateja wakubwa wa mwisho nao wakatoweka.

Ufufuo ulianza na kutawazwa kwa Kabaka Ronald Mutebi wa Pili mwaka 1993. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza utengenezaji wa nguo za magome nchini Uganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha yake ya kudumu. Hivyo Armitage alipoikuta lubugo sokoni Nairobi, ilikuwa na heshima kubwa kwenye karatasi na bei ndogo kwenye meza ya mchuuzi.

Turudi kwenye karakana ya mchoraji, maana hapa ndipo pana ufundi wa kujaribu ambao wengi huutaja bila kuueleza.

Turubai hutengenezwa ili lisionekane. Huvutwa, hupakwa gundi na rangi ya kwanza ya kuziba, ile ambayo mafundi wa nyumba huiita praima, mpaka likawa sawasawa kama ukuta mpya. Lubugo haikubali adabu hiyo. Ikivutwa kwenye fremu, matundu hupanuka. Penye mshono pananyanyuka, pembeni yake panabonyea. Nyuzi zake hufuata zaidi urefu wa shina la mti, hivyo huchanika upesi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Na kwa kuwa gome moja kwa kawaida halitoshi, mchoro mkubwa hulazimu kuunganisha vipande kadhaa, jambo ambalo huleta mishono mirefu isiyofichika.

Katika hali hiyo mchoraji hawezi kuamua kila kitu peke yake. Tundu likiangukia mahali alipokusudia uso, ana njia mbili: ausogeze uso, au aliache tundu liwe sehemu ya uso huo. Armitage hutumia njia zote mbili. Mshono unaweza kuwa ukingo wa mlima, mpaka kati ya kundi moja na jingine, au usiwe chochote ila mshono, ukipita juu ya tumbo la mtu kama kovu la operesheni. Tundu mara nyingi hubaki tundu, na nyuma yake huonekana giza au ukuta wa jumba la maonyesho.

Rangi nazo hutenda kwa namna yake. Armitage hupaka tabaka jembamba, hukwangua, hupaka tena, hufuta. Juu ya turubai laini, rangi iliyokwanguliwa huacha doa. Juu ya lubugo hubaki imejificha ndani ya mikunjo na kuondoka kwenye matuta, na wekundu wa gome hupenya kutoka chini. Ndiyo maana michoro yake huonekana kama imeoshwa na mvua, au kama kumbukumbu ya jambo ambalo msimulizi hana uhakika nalo tena. Mwandishi wa makala haya anathubutu kusema kwamba nusu ya uzuri unaosifiwa kuwa wa mkono wa Armitage ni wa nyundo ya fundi wa Buganda. Hilo halimpunguzii mchoraji. Kujua wakati wa kuacha kitambaa kiseme ni kipaji pia.

Lipo swali la uimara. Mafuta ya kitani yanayochanganywa na rangi hula nyuzi za mimea kadiri miaka inavyopita, na kuzifanya zikauke na kuvunjika. Wachoraji wa Ulaya walilijua hilo zamani, ndiyo sababu ya gundi na praima kutangulia kabla ya rangi. Kitani kina karne tano za majaribio nyuma yake. Lubugo iliyopakwa rangi ya mafuta na kutundikwa katika majumba yenye viyoyozi haina hata nusu karne. Kwa maana hiyo neno majaribio si pambo: matokeo ya jaribio hili yatasomwa na wajukuu.

Sasa tuje kwenye siasa. Wakenya walipiga kura Agosti 8, 2017. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika kwa uchaguzi wa rais aliye madarakani. Uchaguzi wa marudio ulifanyika Oktoba 26 huku Odinga akiwa amejitoa. Katika ripoti yao ya Oktoba mwaka huo, Human Rights Watch na Amnesty International zilieleza kwamba watu wasiopungua 33 waliuawa na polisi jijini Nairobi pekee katika siku zilizofuata uchaguzi wa Agosti. Januari 30, 2018 Odinga aliapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru kuwa "rais wa wananchi", na Serikali ikazima matangazo ya vituo vikubwa vya televisheni. Machi 9 mahasimu hao wakapeana mikono. Odinga alifariki dunia Oktoba 2025.

Armitage hakuchora hayo kutoka magazetini pekee. Mwaka 2017 aliambatana na wanahabari wa televisheni waliokuwa wakiripoti mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, na alichokiona huko kilizaa mfululizo wa michoro minane. The Fourth Estate ndio uliotangulia. Mingine ni pamoja na The Promised Land, The Promise of Change, The Chicken Thief, na mmoja ulioitwa kwa Kiswahili chetu cha mtaani, Mkokoteni.

Wanasiasa hawaonekani sana katika michoro hiyo. Msomaji asitafute sura ya Kenyatta wala ya Odinga jukwaani. Anayeonekana ni mtu wa chini: aliyekwea mti ili aone, aliyevaa kichekesho, anayekimbia na kuku. Watu juu ya tawi katika The Fourth Estate wamemwazimia sura mchoraji Mhispania Francisco Goya, ambaye katika mfululizo wake wa picha za kuchapa uitwao Los Disparates, wa mwanzoni mwa karne ya 19, alionyesha kundi la watu limeketi juu ya tawi kavu likisikiliza mtu anayehutubia. Upuuzi wa Goya umesafiri karne mbili ukatua Nairobi bila kuonekana mgeni.

Kuhusu jina la mchoro, kila mwanahabari anayeutazama atajiuliza tuko wapi humo. Hakuna kamera inayotawala picha, hakuna meza ya mhariri. Waliopanda mti kuona yanayotokea ni wananchi wenyewe. Huenda mchoraji anatuambia kwamba mhimili wa nne umehamia kwao, au kwamba sisi na wao tumekaa tawi moja. Tafsiri zote mbili zinawezekana, na ya pili haina faraja.

Ndipo lubugo inaporejea. Mtazamaji asiyejua kitu huona rangi za kupendeza na kitambaa chenye matundu. Anayejua huona umati wenye shangwe uliochorwa juu ya sanda, na anajua kilichofuata baada ya mikutano ile. Armitage hahitaji kuchora maiti. Zimo tayari ndani ya kitambaa.

Mwaka 2019 michoro hiyo ilionyeshwa katika maonyesho ya 58 ya Venice, yaliyosimamiwa na Ralph Rugoff. Mji ulioongoza kuieneza turubai ukawa mwenyeji wa gome la mti. Kwa Wakenya palikuwa na utamu wa ziada, kwa kuwa mwaka 2015 banda la taifa lao katika maonyesho hayohayo liliandaliwa likiwa limejaa wasanii wa China, kashfa iliyowafanya wasanii wa Nairobi kupiga kelele hadi Serikali ikalikana.

Novemba mwaka huohuo wa 2019, mchoro wake wa mwaka 2015 uitwao The Conservationists ulipigwa mnada Sotheby's, New York. Ulikuwa umekadiriwa kuuzwa kati ya dola 50,000 na 70,000. Ukaondoka kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Ikumbukwe kwamba fedha za mnada wa namna hiyo humwendea mmiliki anayeuza, si mchoraji. Kama mchoraji hakuziona, fundi wa lubugo yuko mbali zaidi.

Hapo ndipo maswali magumu yanapoanza. La kwanza ni la heshima: Je, Mkenya aliyelelewa nje ya mila za Baganda ana ruhusa ya kuitumia sanda yao kueleza matatizo ya nchi yake? Binafsi naona hoja hiyo ina uzito, ila si ule unaodhaniwa. Lubugo ilikuwa tayari sokoni, imekatwakatwa kwa ajili ya watalii, na hakuna aliyeandamana. Kuirudisha katika mazungumzo ya kifo na utawala ni kuisogeza karibu na kazi yake ya asili kuliko kuiwekea sahani juu yake. Hoja yenye uzito zaidi ni ya jina. Vibao vya majumba ya sanaa huandika "rangi ya mafuta juu ya lubugo". Fundi aliyeitengeneza hatajwi, kama ambavyo mfumaji wa kitani hakuwahi kutajwa. Tofauti ni kwamba kitani hakikufanya nusu ya kazi.

La pili ni kwamba Armitage si wa kwanza wala wa pekee, ingawa soko la Magharibi wakati mwingine humzungumzia hivyo. Uganda ina wasanii walioifanyia lubugo majaribio ya aina nyingine kabisa. Sanaa Gateja hupamba nguo hiyo kwa maelfu ya shanga za karatasi zinazosokotwa kwa mkono kutoka katika machapisho yaliyotupwa, na mwaka 2022 kazi zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya Carnegie mjini Pittsburgh, Marekani. Mwaka huohuo Uganda ilishiriki Venice kwa mara ya kwanza ikiwa na banda la taifa, ikiwakilishwa na Acaye Kerunen, anayetumia nyuzi za asili na kazi za wasusi wanawake, pamoja na Collin Sekajugo, na ikatunukiwa pongezi maalumu za majaji. Tofauti yao na Armitage ni ya msingi. Yeye hufunika lubugo kwa picha. Wao huifanya lubugo na nyuzi nyingine kuwa ndiyo picha.

Swali la tatu linatuhusu sisi wasomaji wa ukanda huu. Michoro mingi inayozungumzia bustani ya Uhuru imekuwa ikitazamwa London, Basel, Munich na New York, ambako hakuna aliyewahi kuvuta moshi wa mabomu ya machozi ya Nairobi. Armitage mwenyewe anaonekana kulifahamu hilo. Mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa jijini Nairobi, inayojulikana kwa kifupi NCAI, isiyo ya biashara. Na Royal Academy ilipompa ukumbi mwaka 2021 kwa ajili ya maonyesho yake yaliyoitwa Paradise Edict, alitenga nafasi kwa kazi za wachoraji waliomtangulia Afrika Mashariki chini ya jina Mwili, Akili na Roho. Humo walikuwamo Jak Katarikawe na Theresa Musoke wa Uganda, Sane Wadu na Meek Gichugu wa Kenya, na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Ni aibu kidogo kwamba Mtanzania anaweza kulifahamu jina la Njau kwa mara ya kwanza kupitia jumba la London.

Kuhusu mafundi wa lubugo, hali yao haitegemei minada bali mashamba. Mutuba hupandwa kwa urahisi kutoka kwenye kigingi kilichokatwa na kuchomekwa ardhini, na kwa desturi huchanganywa na migomba na kahawa, ukiipa kahawa kivuli. Shamba likiuzwa viwanja, au mkulima akiondoa kivuli ili kulima zao la haraka, mti huondoka na nguo huondoka nao. Msanii wa picha za kuchapa Fred Mutebi wa Uganda ni miongoni mwa wanaohimiza miti hiyo ipandwe upya, akishirikiana na wakulima wa eneo la Masaka. Vigingi huchomekwa mvua zikianza, na gome la kwanza huvuliwa baada ya miaka kadhaa.